Treni Haimngoji Mtu: Kupanga Safari ya Songea hadi Kapiri Mposhi

Ndugu wasomaji, Mkoa wetu wa Ruvuma hauna reli. Lakini watu wetu wanapanda treni. Wapo wenye watoto wanaofanya kazi Zambia, wapo wafanyabiashara wanaopita Tunduma, na wapo wenye ndugu wa ukoo mmoja kule Chipata, kwa Wangoni wa Mpezeni. Wote hao wakitaka kwenda kwa treni, lazima kwanza wapande basi hadi Makambako, mwendo wa karibu kilomita 300, ndipo wakutane na Reli ya Uhuru, yaani TAZARA.

Safari ya namna hii tunaiita safari ya kuunganisha. Unashuka chombo kimoja, unapanda kingine. Ugumu wake hauko katika kupanda. Uko pale katikati, kwenye kuunganisha. Ukikosea hapo, safari nzima inaharibika.

Tuanze na habari ya mama mmoja, mwanakisomo wa darasa letu. Jina lake hatulitaji, ila yeye mwenyewe ameturuhusu tueleze ili wengine wapate fundisho.

MAMA ALIYEISIKIA TRENI IKIONDOKA

Mama huyo aliletewa habari kwamba binti yake aliyeolewa Kapiri Mposhi yuko hospitali, amejifungua kwa shida. Akauza debe kadhaa za mahindi, akapanda basi asubuhi, akafika Makambako mchana. Akaenda stesheni, akakata tiketi ya treni ya kesho yake, Jumamosi. Tiketi ilikuwa imeandikwa 08:40.

Mama akaisoma tiketi yake mwenyewe, bila kumwomba mtu. Akasoma: saa nane na dakika arobaini. Akafurahi. Akalala nyumba ya wageni, mwendo mfupi tu kutoka stesheni. Asubuhi akaamka, akaoga, akaagiza chai na vitumbua. Alipokuwa anakunywa chai aliisikia treni ikipiga honi. Akadhani ni treni ya mizigo.

Alipofika stesheni saa saba mchana, alikuta jukwaa tupu. Treni ilikuwa imeondoka zamani. Ile 08:40 ilikuwa na maana ya saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Treni nyingine haikuwapo hadi baada ya siku kadhaa. Fedha za kuendelea kwa basi hakuwa nazo. Ikabidi apige simu Songea kuomba msaada, na alale Makambako kwa watu asiowajua. Alipofika Kapiri, binti yake alikuwa amekwisha toka hospitali, ameuguzwa na majirani. Mama anasema shukrani kwa Mungu mtoto na mjukuu wapo. Lakini zile siku ambazo binti yake alimhitaji naye hayupo, hizo hazirudi.

Sisi walimu tulipoisikia habari hii tulinyamaza. Tulikuwa tumemfundisha mama huyu kusoma tarakimu, naye alizisoma sawasawa. Hatukumfundisha kusoma saa za tiketi. Kosa lilikuwa letu. Ndiyo sababu tumeandika makala hii.

KWANZA, TUIFAHAMU RELI YENYEWE

Reli ya TAZARA ni mali ya nchi mbili, Tanzania na Zambia. Ilijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China. Kazi ilianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mwezi Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Kati ya hizo, kilomita 975 ziko Tanzania na 885 ziko Zambia.

Kwa nini reli hii inaweza kwenda hadi kwa jirani? Jibu liko katika upana wake. Upana wa reli ni nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja na cha pili. Upana wa TAZARA ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Reli ya Kati ya zamani, iendayo Kigoma na Mwanza, ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Gurudumu la treni moja haliwezi kutembea katika reli ya upana mwingine.

Hii ndiyo sababu mtu anayetoka Dodoma kwa treni kwenda Zambia hawezi kukaa kiti kimoja mpaka mwisho. Hushuka katikati ya jiji la Dar es Salaam, kisha huenda stesheni ya TAZARA, ambayo iko mbali, Barabara ya Nyerere, upande wa kuelekea uwanja wa ndege. Ukiwa na jamaa anayekuja kwa njia hiyo, mwambie aweke muda wa kutosha wa kuvuka jiji.

Kwetu Songea mambo ni mepesi kidogo. Hatuna haja ya kwenda Dar es Salaam. Treni inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita Ifakara, Mlimba, Makambako, Mbeya, halafu Tunduma. Sisi tunaidaka Makambako.

PILI, ULIZA KABLA HUJAFUNGA MZIGO

Treni ya abiria ya TAZARA si kama basi la kila siku. Kwa miaka kadhaa iliondoka Dar es Salaam mara mbili tu kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Katika miaka ya karibuni safari za abiria zimewahi kusimamishwa kwa sababu ya uhaba wa injini na ubovu wa njia. Septemba 2025 nchi zetu mbili zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China, CCECC, ili iikarabati reli na kuiendesha. Reli ikiwa katika matengenezo, ratiba hubadilika.

Kwa hiyo usipange safari kwa maneno ya mtu aliyesafiri mwaka juzi. Hata saa tulizoandika katika makala hii ni za mfano tu, za kujifunzia. Piga simu stesheni, au mtume jamaa wa Makambako aende dirishani mwenyewe. Aulize maswali manne:

1. Je, treni ya abiria inatembea sasa?
2. Inapita Makambako siku gani na saa ngapi?
3. Je, inavuka mpaka hadi Kapiri Mposhi, au inaishia upande wetu?
4. Nauli ni kiasi gani kwa kila daraja, na je, nafasi zipo?

Mwambie aandike majibu katika karatasi. Neno la mdomo husahaulika njiani.

Ikiwa jibu la swali la kwanza ni hapana, safari haijafa. Ipo njia ya basi hadi Tunduma. Hapo unavuka mpaka kwa miguu, unaingia Nakonde, unapanda basi jingine. Lakini ni vema uyajue hayo ukiwa nyumbani, si ukiwa jukwaani na mzigo kichwani.

TATU, HESABU KURUDI NYUMA

Wengi wetu tunapanga safari kwa kuanzia mlangoni kwetu. "Nitaondoka Alhamisi, nikifika nitaona." Kwa safari ya kuunganisha, njia hii si nzuri. Anza na kile chombo kinachopita mara chache kuliko vyote. Hapa kwetu chombo hicho ni treni. Kiweke kiwe nguzo, kisha hesabu kurudi nyuma hadi nyumbani.

Tuchukue tiketi ya yule mama: Makambako, Jumamosi, 08:40.

Treni inapita Jumamosi saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Basi la kutoka Songea Jumamosi hiyohiyo haliwezi kukuwahisha. Kwa hiyo Ijumaa usiku uwe umelala Makambako.

Ili ulale Makambako Ijumaa, upande basi Songea Ijumaa asubuhi. Mabasi yaendayo Njombe na mbele yake huondoka stendi alfajiri na mapema.

Ili uwahi basi la Ijumaa alfajiri, mtu wa Namtumbo, Mbinga au Tunduru awe amefika Songea Alhamisi jioni. Kwa hiyo aondoke kwake Alhamisi, si Ijumaa.

Umeona? Treni ni ya Jumamosi, lakini safari inaanza Alhamisi. Mtu anayehesabu kwenda mbele angeondoka Tunduru Ijumaa, na treni angeikosa ingawa hakuchelewa basi hata moja.

Na hesabu hiyo iendelee nyuma zaidi. Kabla ya Alhamisi kuna pasipoti. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria inatolewa na Ofisi ya Uhamiaji, na inahitaji muda. Anza kuishughulikia wiki nyingi kabla. Mtanzania haombi viza kwenda kutembea Zambia, lakini hati ya kusafiria ni lazima awe nayo. Uliza pia habari za kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo ni bora kuibeba kuliko kuombwa na kuikosa.

NNE, KUSOMA SAA ZA TIKETI

Hapa tusome polepole. Ukiwa katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine waandike.

Sisi Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Jua likichomoza tunasema saa kumi na mbili, na baada ya saa moja tunasema saa moja asubuhi. Tiketi inahesabu tangu usiku wa manane, yaani saa sita usiku, na haikomei kumi na mbili. Inaendelea 13, 14, 15 mpaka 24. Kuzibadili, shika kanuni tatu:

Kanuni ya 1. Tarakimu ikiwa 01 hadi 06, jumlisha 6. Mfano: 03:00 ni saa 9 usiku. 05:30 ni saa 11 na nusu alfajiri.

Kanuni ya 2. Tarakimu ikiwa 07 hadi 18, toa 6. Mfano: 08:40 ni saa 2 na dakika 40 asubuhi. 15:50 ni saa 9 na dakika 50 alasiri.

Kanuni ya 3. Tarakimu ikiwa 19 hadi 24, toa 18. Mfano: 20:00 ni saa 2 usiku. Ukiona 00:30, ni saa 6 na nusu usiku.

Dakika hazibadiliki kamwe. Unabadili saa tu.

Sasa kuna mtego wa pili, nao ni wa tarehe. Siku ya tiketi inaanza saa sita usiku. Ukiona "Jumapili 01:20", maana yake ni saa saba na dakika ishirini ya usiku wa kuamkia Jumapili. Kwa hiyo uende stesheni Jumamosi usiku. Ukisubiri Jumapili usiku umechelewa siku nzima. Ukimwambia mwenzako, usiseme "usiku wa Jumapili" tu, kwani mmoja atafahamu hivi na mwingine vile. Sema "usiku wa kuamkia Jumapili".

Mtego wa tatu uko mpakani. Saa za Zambia ziko nyuma ya saa zetu kwa saa moja. Hapa ikiwa saa 10 jioni, kule ni saa 9 alasiri. Kwa hiyo usishangae ukiona ratiba inaonyesha treni inaondoka Nakonde mapema kuliko ilivyoondoka Tunduma. Treni haikurudi nyuma. Saa ndizo zilizorudishwa. Ukivuka, rudisha saa yako nyuma. Wakati wa kurudi nyumbani ipeleke mbele. Hapo wakati wa kurudi ndipo wengi wanapoponzwa, maana saa isiyobadilishwa itakuambia bado una muda wa saa nzima, na kumbe huna.

TANO, KUNUNUA TIKETI

Tiketi inunuliwe dirishani, stesheni. Usimpe fedha mtu anayekufuata stendi akisema anafahamiana na mkata tiketi. Usitume fedha kwa simu kwa namba ya mtu binafsi. Ukiambiwa unaweza kushikiwa nafasi kwa simu, uliza utaratibu kutoka stesheni yenyewe.

Treni inaanzia Dar es Salaam. Ikifika Makambako vitanda vingi vinaweza kuwa vina watu. Kwa hiyo usingoje siku ya treni.

Madaraja yako hivi. Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne. Daraja la pili ni chumba cha vitanda sita. Daraja la tatu ni viti. Katika vyumba vya kulala, wanaume hukaa chao na wanawake chao. Mume na mke, au familia, wakitaka kukaa pamoja, hulipia chumba kizima. Waulize mapema, msije mkagombana na mhudumu wa behewa usiku.

Safari ya kutoka Makambako hadi Kapiri ni ndefu, mchana na usiku. Kijana anaweza kuvumilia kiti. Mzee, mgonjwa, au mama mwenye mtoto mchanga, ni afadhali aweke fedha zaidi apate kitanda.

Ukikabidhiwa tiketi, usiondoke dirishani. Simama pembeni, isome yote:

1. Jina lako, kama lilivyo katika pasipoti.
2. Unakotoka na unakokwenda.
3. Tarehe na siku.
4. Saa. Zibadili kwa kanuni tatu, kisha mwulize mkata tiketi: "Ni saa mbili asubuhi, siyo?"
5. Daraja, namba ya behewa na namba ya kitanda au kiti.
6. Fedha ulizolipa.

Kosa likigunduliwa hapo dirishani, husahihishwa. Likigunduliwa ndani ya treni, ni taabu. Na kuuliza si aibu. Hata sisi tuliosoma vyuo huuliza.

SITA, MPAKANI NA KAPIRI

Tunduma na Nakonde zimegusana, ila ni nchi mbili. Weka pasipoti mahali pa karibu, si chini ya gunia. Hakikisha imegongwa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Zambia. Asiye na muhuri anaweza kupata matatizo siku ya kurudi.

Fedha za Zambia ni kwacha. Mwaka 2013 Zambia ilitoa noti mpya, ikaondoa sifuri tatu. Elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja. Noti za zamani zenye sifuri nyingi hazitumiki tena. Mtu akikupa noti ya elfu hamsini, usifurahi. Umeibiwa. Ni heri kubadili fedha benki au duka lenye kibali, na kuzihesabu mwenyewe.

Treni ikifika New Kapiri Mposhi, reli ya TAZARA imekwisha. Stesheni ya reli ya Zambia ni nyingine, iko mjini Kapiri, kama kilomita mbili hivi. Anayekwenda Lusaka bado ana karibu kilomita 200 mbele yake, na wengi huzimaliza kwa basi. Anayekwenda Chipata hupitia Lusaka, kisha hupanda basi jingine kuelekea mashariki.

Hapa nako kuna kuunganisha, na kanuni inageuka kidogo. Treni ndefu huchelewa, pengine kwa saa nyingi. Kwa hiyo usikate tiketi ya basi la Lusaka la saa ileile treni inapotakiwa kufika. Acha nafasi ya usiku mzima kati ya chombo na chombo. Kama una shughuli yenye siku maalumu, iwe harusi, kesi au miadi ya hospitali, panga kufika siku mbili kabla. Ikiwa treni imefika usiku, kaa stesheni pamoja na abiria wenzako hadi kupambazuke. Na fedha za siku hizo mbili, chakula na malazi, zihesabu kama sehemu ya nauli. Asiye nazo hajakamilisha nauli.

MAZOEZI YA KIKUNDI

1. Tiketi imeandikwa 21:15. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?
2. Tiketi imeandikwa Jumapili 00:40. Uwe stesheni siku gani?
3. Hapa ni saa 4 asubuhi. Nakonde ni saa ngapi?
4. Treni inapita Makambako Jumatano 06:30. Mtu wa Tunduru aondoke kwake siku gani?

Majibu: 1. Saa 3 na robo usiku. 2. Jumamosi usiku. 3. Saa 3 asubuhi. 4. Jumatatu, ili Jumanne asubuhi apande basi Songea na kulala Makambako.

Yule mama bado anakuja darasani. Siku tulipofundisha somo hili yeye ndiye aliyesimama ubaoni. Aliandika 08:40, akaizungushia duara, akawaeleza wenzake ni saa ngapi. Darasa zima liliandika. Nasi tunakuomba, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma gazeti hili usilifungie maandazi. Likunje uliweke, kisha mwonyeshe jirani yako anayetarajia kusafiri.